MIKONO YAKO: Laptopu imekufa, diski yake ingali hai



Juzi binti mmoja mwenye sekretariati hapa Baraka alifika kwangu asubuhi mapema. Laptopu yake alikuwa ameifunga ndani ya kitenge, kama mama anayepeleka mtoto ku dispansere. Akasema: “Yaya, mashine imekufa. TFC za wanafunzi sita njo ziko mule ndani, na picha za harusi mbili, na hesabu za likirimba ya wamama. Nifanye namna gani?”

Usiku ule gurupu la jirani lilikuwa limeruka, umeme ukapanda ghafula, harufu ya kuungua ikatoka, na kioo kikawa cheusi. Nikamwuliza kama aliweka nakala mahali pengine. Akainamisha kichwa tu.

Tulifungua visi mgongoni mwa mashine, tukatoa diski yake, tukaitia ndani ya kisanduku kidogo cha dolari chache, tukaiunganisha na mashine ingine. Haikupita nusu saa, faili zote zilikuwa mbele yetu. Alihesabu majina ya wale wanafunzi kwa kidole juu ya kioo, moja, mbili, mpaka sita. Kisha akaketi chini, hakusema kitu.

Kazi hiyo ndiyo nataka kukuonyesha mwezi huu. Haiombi shule ya umeme. Haiombi hata chuma cha kuchomelea. Kijana anayeweza kufungua redio na kuifunga tena bila kubakiza visi mezani anaiweza.

Ujue kwanza kwamba laptopu ni kama mwili wenye viungo vingi. Kinachokufa mara nyingi ni kioo, batri, klavie, au lile bao kubwa la umeme. Diski ni kiungo kingine, inakaa peke yake pembeni, na mara nyingi inabaki nzima. Lakini watu wetu wanasema “mashine imekufa”, kisha wanaitupa chini ya kitanda, au wanamwuzia mtu wa vyuma. Hapo wameuza na vitu vyao vyote vilivyo ndani.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5400 kwa dakika moja, na zingine mara 7200. Juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika. Kichwa hicho hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo sana, hata nywele ya mtu ni nene kuipita mara maelfu. Diski ya kwanza ya namna hiyo ilitolewa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, uzito wake karibu tani moja, na iliweza kutunza herufi milioni 5 tu, yaani kama picha moja au mbili za simu yako ya leo. Leo diski inayoenea ku kiganja inatunza mara laki moja ya ile.

Basi, kabla ya kufungua kitu chochote, toa kable ya umeme na toa batri. Kama batri iko ndani, haitoki kwa mkono, ukishafungua mgongo wa mashine chomoa kwanza waya zake. Gusa chuma kilichosimikwa chini, kwa mfano dirisha la chuma, umeme wa mwili wako utoke. Visi weka ndani ya kifuniko cha chupa, na usichanganye virefu na vifupi.

Utakuta moja ya vitu vitatu. Cha kwanza ni diski bapa yenye upana wa sentimeta 7 na urefu wa 10, wauzaji wanaiita 2,5. Ikiwa upande wake mmoja kuna ndimi mbili bapa, fupi na ndefu, hiyo ni SATA, na visanduku vyake vinapatikana kwa urahisi. Ikiwa kuna vijiti vidogo vimepangwa mistari miwili, hiyo ni IDE ya zamani, kisanduku chake ni kingine na siku hizi ni kazi kukipata. Cha pili ni kijibao chembamba kama kipande cha pipi ya kutafuna, kisicho na sahani ndani. Hicho kinaitwa M.2, nacho kina aina mbili, SATA na NVMe, na kisanduku cha moja hakisomi nyingine kila mara. Cha tatu ni kukosa kitu kabisa. Katika laptopu zingine za siku hizi makumbusho yamechomelewa ku bao lenyewe, hakuna cha kutoa. Hapo acha, umpelekee fundi.

Sasa, usinunue kisanduku kwa kubahatisha. Toa diski kwanza, uibebe ku soko, uijaribu mbele ya mwuzaji. Angalia na unene: zingine zina milimita 7, zingine 9,5, na kuna visanduku vinavyokubali zile nyembamba tu. Ukipata kile chenye alama ya USB 3, chukua hicho hata kama bei imepanda kidogo. Sababu yake nitaisema mbele. Kuunganisha kwenyewe ni kusukuma diski polepole mpaka ndimi ziingie, kufunga kifuniko, basi. Watoto wangu wanacheka nikisema kwamba nimetengeneza diski ya inje. “Papa, umefunga sanduku tu!” Ni kweli. Lakini sanduku hilo limeokoa TFC sita.

Neno moja kwa vijana wenye mikono myepesi: fungua laptopu, usifungue diski yenyewe. Najua kwamba ndani mna sumaku kali. Najua pia maneno yanayozunguka ku machimbo, kwamba mule mna zahabu. Ndimi zake zimepakwa zahabu kweli, lakini ni ngozi nyembamba mno, huwezi kuiona ku mizani. Chumvi za kuungia bao lake zimetoka ku bati, ile bati inayotoka ku kasiterite, na vijitu vingine vya umeme huwa na tantali ya koltani. Mawe yanatoka ku milima ya inchi yetu, yanazunguka dunia, yanarudi kwetu ndani ya mashine zilizochoka. Hata hivyo ukifungua kifuniko cha sahani, chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu kila kitu, na anayezichoma kwa moto atapata moshi wa sumu tu.

Tuje ku umeme, kwa maana hapa ndipo wengi wanakwama. Diski ndogo ya 2,5 inakunywa umeme wa volti 5 kupitia kable ile ile ya USB. Mlango wa USB 2 umepangwa kutoa miliampe 500, ule wa USB 3 miliampe 900. Diski inapoanza kuzunguka huweza kuomba kuliko hiyo, hata karibu ampe nzima. Ikikosa inalia tik, tik, tik, inaonekana ku kioo, inapotea, inaonekana tena. Mtu anasema imekufa, kumbe ina njaa. Badilisha kable uweke fupi, au tafuta ile kable yenye vichwa viwili vya kuingiza ku milango miwili. Ku mashine kubwa ya mezani tumia milango ya nyuma. Usipitishe diski ku kile kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake.

Diski kubwa ya mashine ya mezani, ile ya 3,5, ni habari nyingine. Hiyo inataka volti 12 pamoja na zile 5, kwa hiyo kisanduku chake kinakuja na chaja yake ya ukuta. Na hapa nimeona mambo! Mtu ana paneli za jua na batri ya 12, anasoma ku kisanduku “12 V”, anakata waya, anaunganisha moja kwa moja. Ndugu, batri inaitwa ya 12 kwa jina tu. Jua likiichaji inapanda mpaka 14 na zaidi, usiku ikichoka inashuka mpaka 11 au chini yake. Diski haikuumbwa kwa mapandano hayo. Tumia chaja yake yenyewe juu ya konvertisere ya 220, au ununue kile kifaa kidogo kinachopokea umeme unaopanda na kushuka na kutoa 12 iliyotulia. Kama huna hata kimoja, baki na diski ndogo. Kwa nyumba zetu nyingi mimi ningesema diski ndogo, sina haya kulisema.

Ukishaunganisha, usikimbilie kufuta. Angalia kwanza kilichomo. Ikiwa diski ni yako, toa vitu vyako. Ikiwa umeinunua ku soko na unakuta picha za watu usiowajua, ujue laptopu hizo zingine ziliibwa. Usikae kutazama maisha ya wengine. Ukiweza kumtambua mwenyewe, mpelekee. Kama hapana, futa.

Kisha ipime afya. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inakuonyesha kwa rangi kama diski ni nzima, imeanza kuchoka, au iko mbaya. Iliyoanza kuchoka usiipe kitu unachokipenda, iwe ya filamu na muziki tu. Na kama inagonga ndani hata ikiwa na umeme wa kutosha, na mule mna kitu cha samani, izime palepale. Kila mara unapoiwasha tena unazidi kukwaruza sahani.

Ukibonyeza “Formater”, mashine itakuuliza aina. FAT32 ya zamani haikubali faili moja inayopita gigabaiti 4, video ya harusi itakataa kuingia. ExFAT inasomwa ku mashine karibu zote na ku simu nyingi. NTFS ni ya Windows, na inavumilia zaidi umeme ukikatika katikati ya kuandika. Kwa sababu umeme wetu ni wa gurupu na jua, mimi natumia NTFS ku diski zinazobaki nyumbani. Usishangae diski ya gigabaiti 500 ikionyesha 465. Hakuna mtu aliyekuibia: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, mashine inahesabu kwa 1024.

Nafasi hiyo ni kubwa kiasi gani? Ukurasa wa daftari ukiupiga picha kwa simu unachukua megabaiti 3 au 4. Basi gigabaiti 300 tu zitaingiza kurasa 75000. Vitabu vya ndoa na vya ubatizo, daftari za likirimba, bilete za shule, karatasi za kiwanja, karne ya karatasi za jamaa moja haitaijaza.

Hapa niwaambie langu, ingawa si la kujivunia. Mwaka 2014 nilikuwa na diski moja ya inje, nayo ilikuwa na kila kitu. Niliiita “ghala”. Jioni moja ilikuwa mezani inazunguka, mtoto akapita mbio, mguu ukashika kable, ikaanguka chini ya meza. Sauti yake naikumbuka mpaka leo, kama mtu anayesaga mchanga. Picha za mwisho za marehemu mama yangu zilikuwa mule, nilizozipiga miezi mitatu kabla hajafa. Nilipeleka kwa mafundi wawili. Wakarudisha diski na pole. Mtoto sikumpiga. Ghala lenye mlango mmoja nililijenga mimi.

Ndiyo maana nasema kitu kilicho mahali pamoja tu hakijatunzwa bado. Mchimbaji hafichi zahabu yake yote ndani ya shimo moja, mbona wewe unafanya hivyo kwa karatasi zako? Kuwe na vitu ndani ya mashine unayofanyia kazi, nakala ku diski ya kwanza, na nakala nyingine ku diski ya pili inayolala nyumba nyingine, mbali.

Wale wenye sekretariati kubwa, wenye mashine ya mezani inayofanya kazi kutwa nzima, watasikia kuna kisanduku cha diski mbili kinachoandika kila kitu mara mbili kwa pamoja, kama kioo cha kujitazamia. Mafundi wanaita RAID 1. Ni kizuri: diski moja ikifa asubuhi, kazi inaendelea kwa ya pili. Lakini usidanganyike. Ukifuta faili kwa makosa, imefutwa kote kuwili. Virusi ikiingia, imeingia kote kuwili. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote mbili. Kwa feza ile ile mimi ningenunua visanduku viwili vidogo, nikavitenganisha. Na diski yako ya akiba usiiingize ku mashine za watu wanaoweka muziki ku simu. Pale ndipo virusi zinapopanga foleni. Ukitaka kuwapa kitu, wapelekee ku fulashi.

Kwa habari ya umbali, tumepewa inchi inayofaa. Baraka iko chini kando ya ziwa, Fizi iko juu milimani. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, wengi wa pwani walitoa vitu vyao wakitembea ndani ya maji. Diski iliyolala Fizi isingelowa. Nayo nyumba ya Fizi ikiungua, ile ya Baraka iko. Huhitaji intaneti, unahitaji ndugu mmoja mwaminifu na siku moja ya kila mwezi ya kubadilishana: anayeshuka anashusha ya zamani, anayepanda anapandisha mpya. Kama ndani mna hesabu za watu wanaouza zahabu, au barua za siri za jamaa, zifunge kwa neno la siri. VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Lakini neno la siri likisahauliwa, hakuna fundi atakayekusaidia, basi mtu wa pili alijue.

Ku njia, diski izime kabisa kabla ya kuitoa. Bonyeza “Éjecter”, ngoja isimame, ndipo uivute. Ifunge ndani ya kitambaa kikavu, kisha mfuko wa plastiki, ndani ya begi mgongoni kwako, si ku chuma cha nyuma cha moto. Anayeshuka kutoka baridi ya Minembwe mpaka joto la ziwa asiiwashe mara tu anapofika. Maji madogo hutokea juu ya kitu baridi, kama ku chupa ya soda. Aache saa moja au mbili. Na zile zisizo na sahani, za aina ya SSD, zisikae miaka bila umeme ndani ya nyumba ya joto, zinaweza kusahau. Ziwashe kila baada ya miezi michache.

Wazee watauliza: kelele yote hii kwa sababu ya kisanduku? Wao wenyewe wanajua jibu kuliko mimi. Vita ilipofika kwetu mwaka 1996, watu walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Kigoma, wengine wakafika Nyarugusu, wengine Lugufu. Walibeba watoto, sufuria, mkeka. Sanduku la karatasi liliachwa, kwa sababu lilikuwa zito. Mwaka 2005 merli za UNHCR zilianza kurudisha watu hapa Baraka, na ndipo maswali yakaanza: diploma iko wapi, kitabu cha ndoa kiko wapi, nani anashuhudia kwamba kiwanja hiki kilikuwa cha baba yako? Na mwaka 2025, Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, nyumba nyingi upande huu walianza tena kuulizana usiku ni kitu gani cha kubeba.

Diski ya 2,5 ndani ya kisanduku chake ina uzito wa gramu mia mbili na kidogo. Mama anaweza kuifunga ndani ya pindo la kitenge.

Yule binti wa sekretariati sasa ana mbili. Ya pili ilitoka ku laptopu ya kaka yake iliyovunjika kioo, ilikuwa chini ya kitanda tangu zamani. Juu ya kila moja amebandika karatasi na tarehe ya mwisho aliyonakili, na ku ukuta ameandika kwa marika nyekundu: KILA IJUMAA, KABLA YA KUFUNGA. Wanafunzi anawadai faranga kidogo zaidi kwa ajili ya kuwatunzia kazi yao mpaka watakapoitetea mbele ya waalimu. Walinung'unika juma la kwanza. Wale sita hawakunung'unika.

Mkiwa na laptopu iliyokufa na hamjui diski yake ni ya aina gani, chora umbo la ndimi zake ku karatasi, pima upana na unene kwa rula, mtuletee. Tutajibu hapa hapa ku ukurasa huu.